Siku Niliyopokea Watoto wa Wenzangu

Nyinyi wazazi vijana wa hapa Kitengela, kila wanafunzi wa chuo wanapoitwa kuripoti nawaona mkipita mbele ya geti langu. Godoro limefungwa juu ya gari, mtoto amekaa nyuma katikati ya ndoo na mablanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mzazi anaongea, mtoto anaangalia dirishani. Huwa natamani kuwasimamisha, niinamie hilo dirisha, niulize tu huyo mtoto anaitwa nani. Lakini mtasema nyanya wa kona amechanganyikiwa. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na mwandiko wangu unapanda mlima hata kwa karatasi yenye mistari, mnivumilie. Haya nitakayosema sikuyasoma popote. Niliyafanya, mengine vizuri na mengine vibaya.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika bweni la wasichana la chuo kimoja cha ualimu pale Kajiado. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa metroni. Maana yake ni kufagia, kutunza funguo, kufungua mlango alfajiri, kuita msichana anayetafutwa, na kujua ni nani amelia.

Majina ndiyo sehemu ya kazi niliyoiweza. Orodha ilichapwa ofisini, na mimi nilikuwa naisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno moja, napumzika. Mzazi akisimama mbele yako na godoro kichwani hana subira ya kungoja uvuke. Mwaka wangu wa kwanza niliita, "Wanjiku Kamau," wakaja wawili, kila mmoja na baba yake, na baba wote wawili wanaitwa Kamau. Niliwapa kitanda kimoja. Jioni nikawakuta wamekaa juu yake, mmoja huku mwingine kule, kila mtu anangoja mwenzake aondoke. Kuanzia hapo nikaacha kutegemea karatasi. Nilishika jina kwa kitu mtu alichokuja nacho. Rahab Wambui, ndoo nyekundu yenye mfuniko wa bluu. Florence Akinyi, sanduku la bati lenye kufuli mbili. Agnes Mutheu, blanketi limefungwa kwa kamba ya mbuzi. Ukishamwita mtu kwa jina lake mara tatu siku ya kwanza, ameanza kukaa.

Hata sasa nikiosha vyombo hapa nyumbani, naanza kitanda cha mlangoni, nawaita mmoja mmoja mpaka ukutani. Hakuna anayeitika, lakini vyombo vinaisha.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Njeri, metroni mwenyewe, mwanamke wa Nyeri aliyevaa sweta ya kijivu yenye mifuko iliyolegea kwa uzito wa funguo. Sheria zake hazikuandikwa. Mzazi haingii chumbani. Anasimama mlangoni, mtoto anatandika kitanda mwenyewe mama yake akiona, hata kama shuka inapindika. "Mama akitandika," aliniambia, "mtoto atalala kwa mikono ya mama yake wiki nzima, na siku ya kufua hiyo shuka atalia." Blanketi lisiwe jipya, na kama ni la zamani lisifuliwe kabla ya safari, libaki na harufu ya nyumbani. Na sheria kubwa kuliko zote: mzazi aende kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Akibaki, mtoto atakula naye kando ya ua, na wenzake watakula ndani wakijuana. Jioni ataingia kwa dining kama mtu aliyechelewa kwa matanga, hajui hata nani amefiwa.

Wazazi walikuwa wanatuletea mambo. Mzee mmoja, Kamau mwingine, baba ya Wanjiru wa Ngong, alikuja na kuku mzima kwa kikapu. Askari wa geti, Mutua, akamsimamisha.

"Mzee, hiyo kuku ni ya nani?"

"Ya Wanjiru."

"Wanjiru atafundisha kuku kusoma?"

"Itataga. Atakula mayai, akili ifunguke."

Mama Njeri akaitwa. Akamwambia kwa heshima, "Mzee, hapa hatuna kitanda cha kuku."

"Sijaomba kitanda, mama. Nimeomba chini ya kitanda."

Kuku akarudi naye Ngong. Lakini barua ya kwanza aliyomwandikia binti yake ilikuwa habari ya kuku huyo peke yake: ametaga wapi, amemfukuza mbwa gani, ameingia kanisani Jumapili katikati ya maombi. Wanjiru aliisoma kwa sauti kitandani, na wasichana wakacheka mpaka wakaomba ya pili. Yule mzee alimpatia mtoto wake marafiki kwa karatasi moja. Mimi nawaambia, mkiwaandikia watoto, au siku hizi mkiwapigia, msijaze mawaidha. Mpe mtoto habari ya kuku. Mawaidha yanamkumbusha kwamba unaogopa, na habari ya nyumbani inamwambia kwamba nyumba bado iko.

Jambo lingine. Siku ya kwanza mtoto halii. Kila kitu ni kipya, hana nafasi. Analia siku ya nne. Mimi siku ya nne nilikuwa nafagia polepole. Nilikuwa naangalia taulo. Aliyetundika taulo yake msumarini amekubali kukaa. Aliye na taulo bado ndani ya sanduku, huyo yuko safarini, mwili umefika, yeye hajafika. Ningemwita anisaidie kuhesabu mablanketi ambayo hayahitaji kuhesabiwa, na tukifika la kumi na tano angeanza kuongea.

Na kuna swali ambalo Mama Njeri alinipa, nami nawapa. Usimwulize mtoto wa chuo, habari yako. Atasema nzuri, atasema salama, hilo ni jibu la kufunga mlango. Mwulize, unakula na nani? Akikutajia jina, lala vizuri. Akisema, "Na watu," panga safari.

Mambo yalibadilika. Nilipoanza, simu ilikuwa moja ndani ya ofisi, na mzazi akipiga nilikimbia mpaka bweni kumwita mtoto, na tukirudi simu imekatika. Nilipokaribia kustaafu kila msichana alikuwa na simu yake. Kulikuwa na mama mmoja wa Embulbul, mama ya Mercy, aliyepiga mara sita kabla uji haujaisha. Mara ya saba Mercy akanipa simu.

"Mama Mercy, huyu ni mama wa bweni. Mtoto anatafuna."

"Anatafuna nini?"

"Mkate."

"Uko na blue band?"

"Mama Mercy, nikikata simu, atameza."

Sasa nifikie habari iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi nina mtoto mmoja, Nafula. Sisi ni Wabukusu, watu wa Bungoma. Baba yake, Barasa, alikuwa dereva wa lori la mawe kule Kajiado, akibeba mawe ya kujenga kutoka kwa machimbo, na kazi yake ndiyo iliyotuleta huku. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Mwaka mmoja baadaye, katikati ya miaka ya tisini, Nafula akapata nafasi kwa chuo cha uuguzi huko magharibi, mwendo wa siku nzima. Siku yake ya kuripoti ilikuwa Jumatatu ile ile ambayo sisi Kajiado tulikuwa tunapokea wasichana wapya.

Mama Njeri aliona kabla yangu. "Nenda umpeleke, Mama Nafula. Funguo nitashika mimi."

"Sitaenda."

"Kwa nini?"

"Nimeona hapa vile watoto wa kushikwa mkono wanaharibika. Wangu si wa kushikwa mkono."

Akaingiza mikono ndani ya mifuko ya sweta. "Mimi nilisema mzazi aende mapema. Sikusema asikuje."

Nilimsikia. Sitadanganya kwamba sikuelewa. Lakini nilikuwa na miaka saba kwa ile kazi. Wazazi wenye suti, walimu, watu wa benki, walikuwa wananiuliza mimi wa darasa la tatu, mama tufanye nini, na mimi nasema, na wao wanatii. Jambo kama hilo linapanda kichwani. Nilitaka mtoto wangu awe mfano. Nilitaka siku moja niwaambie, wangu alijipeleka.

Nafula aliuliza mara moja tu, tukifunga sanduku.

"Mayi, tutaenda na wewe?" Kwetu mama anaitwa mayi.

"Utaenda na wewe mwenyewe. Ukifika tandika kitanda, halafu tafuta mtu wa kula na yeye."

"Sawa."

Hakuuliza tena, nami nikahesabu hiyo kuwa ni ukomavu.

Kwetu mgeni akija hata kwa saa moja, akitoka unamsindikiza mpaka njia panda. Pale mnasimama, mnaanza mazungumzo upya, unamsindikiza tena kidogo. Wageni wangu nimewasindikiza mbali. Mtoto wangu nilimfikisha steji ya Kajiado alfajiri, na sanduku likipandishwa nikaangalia saa, kwa sababu wazazi wa watu wangeanza kufika saa mbili. Siku hiyo nilipokea wasichana hamsini na wawili. Naweza kuwataja wote, na vitu vyao. Wa mwisho alikuwa Grace Moraa, mwavuli uliovunjika mbavu moja. Nilimshika Grace Moraa bega kwa sababu alikuwa anatetemeka. Nikamwambia, karibu, hapa ni kwako.

Barua za Nafula zilikuwa fupi. Mayi, niko salama, masomo ni mazuri, salamu kwa Mama Njeri. Nilifurahi kwamba anaandika maneno ninayoweza kuyasoma bila kumwomba mtu. Niliziweka kwa mkebe wa majani ya chai. Likizo alikuja siku nne, amekonda, akasema wadi haifungwi, lazima arudi. Mimi niliyewafundisha wazazi wa watu swali la kuuliza, mtoto wangu nilimwandikia, habari yako, mimi niko salama.

Aliyegundua ni Lemayian, karani kijana aliyegawa barua za chuo. Ilikuwa msimu wa mvua wa mwaka uliofuata. Alinipa bahasha akaishikilia kidogo kabla ya kuiachilia.

"Kwani msichana wako alihama?"

"Ahame aende wapi? Yuko chuoni."

"Hii imepigwa muhuri Kitengela."

"Labda alimpa mtu amtumie."

"Mara moja, sawa. Lakini hata ile ya mwezi uliopita. Mimi naona muhuri kabla ya jina, ni kazi yangu."

Nilienda kuleta mkebe. Barua kumi na moja. Akazipanga juu ya meza ya ofisi, nne upande mmoja, saba upande mwingine. Nne zilitoka magharibi. Saba zote zilitoka Kitengela, mwendo wa saa moja kutoka mahali tulipokuwa tumesimama. Ndani ya zile bahasha nilikuwa nimesoma mpaka nikashika kwa moyo. Nje sikuwahi kuangalia. Mtu wa kusoma kwa shida akishapata jina lake, ameshamaliza bahasha.

Lemayian alikuwa kijana mwenye adabu. Alizirudisha ndani ya mkebe polepole, akasema kwa lugha yao, "Yeyo," yaani mama, "keti kwanza."

Jumamosi nikaja Kitengela. Wakati huo nilikuwa bado naishi Kajiado, na Kitengela ilikuwa mstari wa maduka kando ya barabara ya Namanga, na nyuma yake ni nyasi, na punda milia wanakula karibu na ploti za watu. Niliuliza msichana Mbukusu, mrefu, ana mwanya. Duka la tatu wakaniambia, huyo wa dawa za ng'ombe.

Nilisimama mlangoni. Alikuwa anamhudumia mzee Mmaasai, shuka begani, chupa mkononi.

"Mzee, hii ya minyoo ni ya mbuzi. Ng'ombe haitasikia."

"Basi nipe nyingi."

"Si wingi, ni aina. Hiyo ng'ombe iko na kilo ngapi?"

"Mimi sijawahi kuibeba."

Nafula akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tumzike Barasa. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia, kwa sababu alikuwa amekificha huku kwa watu nisiowajua. Mzee akatoka, akanisalimia, "Takwenya," nikamjibu, "Iko," na Nafula bila kuinua macho akasema, "Nikusaidie, mama?"

Halafu akainua macho.

Tulikaa nyuma ya duka juu ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Hakulia. Mimi pia nilijizuia. Alinieleza kama mtu anayesoma ripoti ya mtu mwingine.

"Siku ya kuripoti kulikuwa na fomu. Mzazi aandike jina na aweke sahihi. Kwa ile laini kila mtu alikuwa na mtu. Karani akaniambia simama kando mpaka mzazi wako afike. Nikasimama mpaka jioni, wakitaka kufunga ofisi."

"Hukumwambia kwamba uko peke yako?"

"Nilimwambia. Akasema hakuna mtu hukuja peke yake. Mama ya msichana mwingine akanihurumia. Akaandika jina lake pale pako."

"Anaitwa nani?"

Sijui kwa nini hilo ndilo nililouliza. Nafikiri ni mazoea ya kazi.

"Rose Naliaka," akasema.

Nimelihifadhi hilo jina. Sijawahi kumwona huyo mama, wala sijui alikuja na nini mkononi. Sahihi ya mahali pangu aliiweka yeye.

"Mtihani wa kwanza ulinishinda," Nafula akaendelea. "Mwalimu akasema nilete mzazi tuongee, si vibaya sana, wengi huanguka huo. Nikafikiria nitaleta nani. Rose Naliaka?"

"Ungeniita mimi, mwanangu."

"Mayi, ungeniambia kengele imelia."

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Alikuwa ameondoka chuoni miezi mingi. Msichana waliyesoma naye alikuwa na dada hapa, dada akamtafutia kazi dukani. Barua aliziandika ili nisiaibike mbele ya watu wa Kajiado. Alijua vile nilivyokuwa nimejisifu.

Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu. Chuo niliacha kukitaka. Nilitaka mtoto wangu aniambie lililo moyoni mwake kwa kinywa chake, bila kufichuliwa na muhuri wa posta. Mnaweza kufikiri hicho ni kitu kidogo. Nilikingoja karibu miaka kumi.

Kila Jumamosi niliyokuwa na nafasi nilikuja, nikakaa juu ya gunia. Alinipokea vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, alinipokea kama mteja mzuri. Chai, kiti, habari ya mvua, habari ya kupe, ni nani ameuza shamba kwa watu wa Nairobi. Alijifunza Kimaasai mpaka wazee wakawa wanamtania kwamba watamtafutia mume mwenye ng'ombe wagonjwa, asikose kazi. Yote nilisikia. Yake mwenyewe sikusikia.

Mara moja niliharibu. Nilimwambia naweza kuongea na mkubwa wa chuo chetu, atamwingiza hata kwa mlango wa nyuma, tena mimi nitakuwa pale pale bwenini kila siku. Nafula akafunga duka saa tisa mchana, siku ya soko, akasema anaumwa kichwa. Jumamosi mbili nilikuta ameenda vijijini kupeleka dawa. Ya tatu nilimkuta, nikakaa, nikafunga mdomo. Kufunga mdomo nako ni kazi ya mikono. Nilianza kumshonea mifuko ya kupimia chumvi.

Kule bwenini watu walianza kusema nimelegea. Mwaka mmoja alikuja msichana Naserian kutoka Ewuaso Kedong, na mama yake, na bibi zake wawili, na kibuyu cha maziwa. Walitaka kumbariki pale mlangoni, kumnyunyizia maziwa kwa majani mabichi. Kengele ya chakula ikalia bado wanaimba. Mama Njeri alikuwa amestaafu, na metroni mpya, mtu wa karatasi, akaniambia niwatoe. Nikamwambia siwatoi. Nikasimama na funguo zangu katikati ya mlango mpaka bibi wa mwisho akamtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso, na mimi akanitemea yangu. Naserian alichelewa chakula. Jioni hiyo taulo yake ilikuwa msumarini.

Mimi sisemi sheria ya Mama Njeri ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri. Kuondoka mapema ni dawa, lakini ni dawa ya mzazi aliyefika.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, miaka ya elfu mbili imeshaingia, Kitengela imeanza kupanda ghorofa, punda milia wamesukumwa nyuma ya ua. Nafula alikuwa karibu miaka thelathini. Alikuwa anapanga chupa kwa rafu, amenipa mgongo.

"Nimeitwa chuo," akasema. "Cha afya ya mifugo. Nitaripoti Jumatatu ya wiki ijayo."

Mdomo wangu ulikuwa na maneno kama hamsini. Nilikuwa nimewaelekeza wazazi wa watu wengi. Niliyameza yote, nikatafuta swali ambalo sijawahi kumwuliza.

"Unataka nifanye nini?"

Akapanga chupa mbili, tatu. "Sijui. Njoo tu."

Wiki hiyo yote nilikuwa najizoeza kuandika jina langu. Nilijaza kurasa mbili za daftari mpaka likawa linakaa kwa mstari bila kuanguka. Kalamu niliiweka kwa mkoba, nyingine ya akiba nikaifunga kwa leso.

Chuo kilikuwa mbali, tulifika saa nne. Kwa laini nilisimama nyuma yake, wazazi wengine wakidhani mimi nimeleta mjukuu. Karani, msichana mdogo sana, akamaliza fomu, akagonga muhuri. Nikasogea na kalamu yangu.

"Pale pa mzazi ni wapi?"

"Hapana, shosho. Huyu ni mtu mzima. Hakuna pa mzazi."

Nikarudisha kalamu kwa mkoba. Nafula aliona. Akachukua ule mkoba akaubeba yeye.

Alitandika kitanda nikiwa mlangoni. Ndani kulikuwa na wasichana watatu wa miaka kumi na tisa, wanamwangalia kama mwalimu aliyepotea njia. Kengele ya mchana ikalia, na miguu yangu yenyewe ikaanza kutoka.

"Umeanza," Nafula akasema.

"Ni mazoea."

"Keti, Mayi."

Tukala wali na kabeji, sisi wawili, na wale wasichana watatu meza ya pili. Nilitamani kumwambia akakae nao. Nilikula nikanyamaza.

Saa tisa akanisindikiza mpaka steji, akanirudishia mkoba wangu. Nyinyi mnamjua Nafula wa sasa, yule anayezunguka Ewuaso Kedong na pikipiki akichanja ng'ombe, anayekuja kuniona mara mbili kwa mwaka na kuacha harufu ya dawa kwa kiti changu. Siku zingine za mwaka nakaa na kiti. Huyo aliyesimama steji na mimi alikuwa mwingine, mwanamke mkubwa aliyevaa viatu vipya vinavyombana, anaangalia barabara. Gari lilikuwa limebakisha abiria wawili. Nikampa mkono, nikauvuta, hakuuachilia.

"Mayi, mimi naogopa."

Alisema akiangalia barabara vile vile. Miaka ile yote hakuwa amewahi kuniambia neno kama hilo, hata siku ya mazishi ya baba yake. Kondakta akaniita, nyanya panda, tunatoka. Nikamwonyesha kwa mkono waende.

"Unaogopa nini?"

"Kila kitu."

Niliweka mkoba chini kwenye vumbi, nikaukalia, nikampisha kidogo akae naye.

"Anza na kimoja," nikamwambia.